Wamenikatia Posho kwa Sababu ya Ng'ombe wa Mahari ya Dada Yangu

Admin, weka haya bila jina langu wala la chuo. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na miwili. Nasomea uchomeleaji wa vyuma katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kitale, mwaka wa pili, na nimepanga chumba mtaa wa Matisi. Kwetu ni Bungoma, upande wa Webuye. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama analima shamba dogo na kuuza mboga sokoni.

Chuoni kuna mfuko unaotoa posho kila wiki kwa wanafunzi ambao nyumbani hawajiwezi. Si pesa za kujivunia. Ni chakula cha wiki na sabuni. Lakini ukichomelea na njaa mkono unatetemeka, na mkono ukitetemeka mshono unapinda. Muhula uliopita nilipata posho na mishono yangu ilinyooka. Muhula huu siipati. Juzi mwalimu wa karakana aliinua kazi yangu mbele ya darasa akauliza, "Hii imechomelewa na fundi ama na kuku?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Tumboni nilikuwa na chai ya rangi tu.

Ilikatwa hivi. Kamati ya mfuko huzuru nyumbani kwa mwanafunzi kuona hali. Wakati wa likizo walifika kwetu wakiongozwa na mzee wa mtaa. Mwenyekiti wao, tunayemwita Madam, aliangalia nyumba ya udongo, akachungulia jikoni. Kisha akaona ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba.

"Mama, hii ng'ombe ya maziwa ni ya nani?"

Yule si ng'ombe wa maziwa. Ni mtamba, hajawahi kuzaa. Na ni wa mahari. Aliletwa na wakwe wa dada yangu Nekesa, na kwetu ng'ombe wa namna hiyo hauzwi ili mtu ale. Anangoja siku kaka yetu atakapooa, naye apelekwe kwa kina bibi harusi. Mama angeweza kueleza hivyo. Lakini mzee wa mtaa alikuwa hapo, na majirani walikuwa wameegemea ua wakisikiliza. Mama wa kwetu hawezi kuambia wageni kwamba ng'ombe wa mahari si wake. Ni sawa na kutangaza kuwa binti yake aliolewa bure. Kwa hivyo alijinyoosha, akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Ni yetu! Si wakwe walileta? Nekesa wangu hakuenda bure!"

Jirani mmoja alipiga kigelegele. Madam alitabasamu, akamgeukia mwenzake. "Hawa wako sawa."

Chuo kilipofunguliwa nilienda ofisini kwake kueleza. Alinisikiliza, hilo sikatai. Akasema, "Mfuko ni mdogo. Tukipa kila mtu, hakuna atakayeshiba. Lazima tuangalie mali." Nikamwambia, "Madam, angalieni. Lakini mlimwangalia ng'ombe, mimi hamkuniuliza nakula nini." Alikubali kurudi kwetu mara moja tu, Alhamisi ijayo. Baada ya hapo hakuna rufaa.

Tangu siku hiyo kila mtu ananifundisha kuficha. Brayo, tunayesoma naye, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na Brayo anapata posho.

"Si uhamishe hiyo ng'ombe siku moja tu, bana?" aliniambia. "Mimi niliwapeleka kwa nyanya, kwa ile nyumba yake ya nyasi. Buda wangu, huyo mwenye duka, ndiye alinishukisha hapo na gari, akajificha kwa kona."

"Na hukuona haya?"

"Haya ni ya nini? Ati wewe una haya, umeshiba?"

Mama naye amepanga kila kitu. Anataka mtamba apelekwe kwa shangazi kule Lwakhakha mpaka kamati iondoke. Lakini habari zilimfikia Nekesa, naye alinipigia simu akilia. Kwetu ng'ombe wa mahari akionekana barabarani anaondolewa, watu hawaulizi sababu. Wanajua ndoa imevunjika na mali inarudishwa. "Ukitoa hiyo ng'ombe hapo," Nekesa aliniambia, "mama mkwe atasikia kabla sijamaliza kuanika nguo. Nitamwambia nini mimi?"

Nilipomrudishia mama maneno hayo, alinijibu kwa mkato: "Na ukikosa hiyo posho, utarudi hapa tupalilie mahindi. Chagua."

Nimechagua. Nikikosa posho muhula huu sitamaliza, najua. Mwenye chumba hangoji, na mkono unaotetemeka haufaulu mtihani wa karakana. Hata hivyo sitamhamisha ng'ombe. Sitavunja nyumba ya dada yangu ili nionekane maskini wa kutosha. Sipingi kupimwa, mtoto wa mwenye duka hapaswi kula chakula cha mtoto wa mwenye jembe. Napinga kupimwa na mtu anayezunguka boma, anahesabu kwato na kuondoka, halafu anayejua kuficha ndiye anayekula na anayesema kweli analala njaa. Wakishindwa kupima sawasawa, basi watupe sisi sote, hata kama ni kidogo.

Alhamisi watamkuta mtamba amefungwa palepale, nami nimeshika kamba yake. Mtakaoniambia nimfiche, asanteni, nimeshaambiwa na walio karibu. Nawauliza ninyi wengine, hasa mliowahi kusimama mbele ya kamati kama hii: niwaambie neno gani, mama akiwa amesimama kando yangu na majirani wakisikiliza, ili wajue ng'ombe huyu hanilishi na dada yangu asiaibike? Nipeni maneno. Ujasiri ninao.