Miji Yote Tuliyompa Bibi Somoe

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Mtwara miaka ile mtanielewa, mtu akishindwa kitendawili alitoa mji. Hapakuwa na kukimbilia simu. Unakuna kichwa, unatazama paa, unabahatisha mara mbili tatu, mwisho unakubali yaishe, na aliyetega anakwambia, "Nipe mji." Unampa. Yeye anaupokea, anasimulia alivyofika huko, alivyotandikiwa mkeka mpya na kulishwa wali wa nazi, na akishashiba ndipo anakitegua. Usipotoa mji hupati jibu, hata ukalie.

Sisi tulikuwa tunakaa Chuno kwa Bibi Somoe, mama yake mama, kwa ajili ya shule. Baba na mama walikuwa Nanyamba na mikorosho yao. Jioni, baada ya swala ya magharibi, Bibi alitandika jamvi barazani, akaweka sinia la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, katikati, na watoto wa majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja wakijifanya wanapita tu. Mchana ilikuwa marufuku kutega. Tuliambiwa anayetega mchana anaota mkia, na mdogo wangu Zuhura, ambaye aliwahi kujisahau akatega saa sita, alikuwa ananiomba nimkague kila tunapokwenda kuoga.

Zuhura huyohuyo ndiye aliyetupa kazi siku moja. Alishindwa kitendawili, akaombwa mji, na kwa haraka akatoa Nanyamba. Bibi akaupokea, akaanza kusimulia alivyoingia Nanyamba na kukaribishwa korosho za kukaanga. Zuhura akaangua kilio. Alikuwa amekumbuka kwamba mama yuko huko, na sasa mji wote umekwenda, na mama ndani yake. Ilibidi Bibi aurudishe mji mbele ya mashahidi, kwa kutamka, na akapokea Masasi badala yake. Tulicheka siku nyingi, lakini niseme ukweli, hata mimi nilikuwa najiuliza hiyo miji inakwenda wapi.

Baraza letu lilikuwa na vitendawili vya kila namna, na nadhani hapo ndipo udadisi wangu ulipoanzia. Nyumba ya pili alikaa Baba Neema, Mnyakyusa, mfanyakazi wa bandarini. Yeye alikuja na vya kwao Mbeya, na meli ikitia nanga akawauliza mabaharia vya kwao. Jinsi walivyoelewana sijui, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabia magunia. Siku moja akatuletea kipya kabisa, alichopewa na baharia wa Ufilipino: nyumba isiyo na mlango wala dirisha. Baraza zima tukajibu kwa pamoja, yai. Baba Neema aliduwaa. Na sisi tukaduwaa baada yake, kwa sababu kile kilikuwa chetu, tulikijua tangu hatujaota meno. Mwalimu mmoja wa Bukoba, mpangaji wa nyumba ya nyuma, akasema hata kwao kipo. Basi yakazuka mabishano makubwa kuhusu nani kamwibia nani. Mimi nilikuwa nawawazia watu wa nchi ambazo sijui hata zinakaa upande gani, wameketi jioni kama sisi, wanalitazama yai lilelile na kuliona nyumba. Mpaka leo jambo hilo linanishangaza kuliko ndege kuruka.

Lakini kilichonikosesha raha kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa cha Bibi. Alikitega kwa kila mgeni: mtoto, mpangaji, mnunuzi wa korosho aliyeingia kuomba maji ya kunywa. Alikitega hivi: "Mtungi wangu ni mmoja. Nikienda nanywa, nikirudi natema."

Tulijaribu kila kitu. Tembo la mnazi, ambalo asubuhi ni tamu na jioni limechacha. Uji. Dawa ya mwarobaini. Mabibo, ambayo ukila mengi yanakukwaruza koo. Baba Neema alijaribu maziwa, mwalimu wa Bukoba akatoa maelezo marefu kuhusu mate. Bibi alisikiliza kila jibu kwa makini, kichwa amekiinamisha, kisha akatikisa. Na ulipomwambia umeshindwa, chukua mji, alijibu vilevile kila siku, "Mji wako sitaki. Fikiri tena."

Hilo ndilo lililotutia wazimu. Vitendawili vingine vyote alikuwa anapokea mji bila kuchagua, hata Chuno yenyewe tuliyokalia. Kwa hiki alikataa Lindi, akakataa Dar es Salaam, akakataa Manila ya yule baharia. Tuliamini anatafuta mji mkubwa zaidi. Zuhura akampa Makka. Bibi akamwambia Makka haichezewi, akamtuma akafunge kuku. Nikaapa moyoni kwamba sitakufa bila kujua jibu la ule mtungi.

Tukakua. Zuhura akaolewa Tunduru, mimi nikapata kazi ya ofisini mjini, nikaenda kukaa Shangani, hukohuko Mtwara. Kitendawili sikukiacha. Nilikitega kwa wafanyakazi wenzangu, kwa wauguzi nilipokwenda kujifungua, kwa fundi aliyekuja kuziba paa. Kila mmoja alinipa jibu lake na hakuna lililoingia.

Halafu, si zamani sana, mwenzangu mmoja wa kazini akaoa, na harusi ikawa kwao, kijiji kilicho karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Kule sikuwahi kufika. Asubuhi ya harusi akina mama wakabeba ndoo kwenda mtoni, nami nikajitia kuwafuata ili nisionekane bibi wa mjini. Mama mmoja akatuhimiza tuchote upesi, maji hayajageuka. Sikumwelewa. Nilikuwa na kiu, nikateka kwa kiganja, nikanywa, maji baridi, hayana tatizo lolote. Tukapanda shambani kwao kuchukua mihogo, tukakaa huko tukimenya na kusengenya, na tulipopita tena palepale wakati wa kurudi nikainama kunywa kama mwanzo. Nikatema. Chumvi tupu. Bahari ilikuwa imejaa na kuusukuma mto nyuma.

Nilisimama na kile kiganja kilicholowa, nikaanza kucheka peke yangu. Wale akina mama walidhani nimeumwa na kitu. Mtungi mmoja. Nikienda nanywa, nikirudi natema. Nilitaka kuondoka palepale niende Chuno, nikasahau hata kwamba kuna bwana harusi.

Kesho yake nikaenda. Bibi sasa ni mzee, macho yamepungua, ila masikio yanasikia hata usichosema. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikaketi. Nikamwambia, "Bibi, ule mtungi wako nimeupata."

Akaacha ungo. Nilidhani atafurahi. Akaninyooshea mkono, kiganja wazi, kama mtu anayezuia gari.

"Usiniambie, mke mwenzangu," akasema. "Mimi mwenyewe jibu silijui."

Ndipo akanisimulia, taratibu. Kitendawili hakikuwa chake. Kilikuwa cha kaka yake, Bakari. Kwao ni ng'ambo ya Ruvuma, lakini juu, bara, ambako maji yalikuwa ya kisima cha mbali. Bakari alikuwa anashuka hadi kwenye mdomo wa mto kuchemsha chumvi, na kila akirudi alimletea mdogo wake kitendawili. Kile alikitega jioni moja, na asubuhi yake alikuwa anaondoka tena. Akamwambia, nipe mji nikwambie. Somoe, mtoto mbishi, akakataa. Bakari akacheka, akasema basi, nitauchukua nikirudi. Kabla hajarudi vita vikafika kwao, mama yao akawabeba waliokuwepo, wakavuka mto. Bakari hakuonekana tena, wala hakuna aliyeleta habari zake, za uzima au za kifo.

Nikamuuliza kwa nini basi alitutesa sisi wote kwa kitu asichokijua. Akasema alikuwa anatafuta. Alitaka alipate jibu kwa akili, ajue tu, amsubiri nalo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alianza kuogopa kwamba kweli kuna siku mtu atalipata.

"Sijampa mji," akaniambia. "Ukinipa jibu wewe, mchezo umekwisha, na yeye hayupo. Niache hivihivi. Bado tunacheza."

Nililia, sitaki kuficha. Nikalimeza jibu langu na kumsaidia kuchambua mchele.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu Rehema yote, na jibu nikamwambia, kwa sababu kulibeba peke yangu nilishindwa. Rehema ni mtoto wa hawa wa sasa. Ukimuuliza kitu hajakuna hata kichwa, kidole kimeshafika kwenye simu, na jibu likitoka analitupa, anasonga mbele. Hawajui kulala na swali. Sisi tulilala nalo, tukaamka nalo, tukaenda nalo shule, na mara nyingine lilitufurahisha kuliko jibu lenyewe. Wenzangu, mnakumbuka.

Ijumaa iliyopita nikaenda naye Chuno. Magharibi ilikuwa imeshapita, jamvi limetandikwa. Bibi akamsogeza kitukuu wake, akasema kitendawili, naye akaitikia tega, na kumbe ni kilekile cha mtungi. Nilikuwa nimesahau kumwonya. Rehema akanitazama, akamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kusikiliza.

"Ni soda, bibi?" akasema. "Iliyotoka gesi?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akatikisa kichwa. Rehema akasema ameshindwa, achukue mji, achukue Dodoma. Bibi akamwambia mji wake hautaki, afikiri tena. Na yule mtoto, ambaye swali halijawahi kumaliza dakika mikononi mwake, akavua viatu, akapanda jamvini, akajiegemeza kwenye bega la Bibi, akaanza kufikiri.