Kula na Kura

Baba mdogo alirudi kutoka Ujerumani na masanduku matatu. Mawili yalikuwa ya nguo. La tatu lilikuwa na treni. Alikuwa ameenda kusomea mambo ya stima, na majirani wetu wa Amalemba walikuwa wakingoja aje na gari. Mamangu aliyashika yale mabehewa, kila moja refu kama sabuni ya kipande, akauliza:

"Na hii inabebanga nini?"

"Haibebi kitu, shemeji. Inazunguka tu."

"Basi mumefanana."

Aliipanga kwenye ubao wa plaiwudi sebuleni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kimya, mimi ndiye niliyeruhusiwa kugusa. Alikuwa akiniita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Treni zenyewe, ya mizigo na nyekundu ya abiria, hazikunivutia sana. Nilipenda pointi, pale ambapo reli moja inagawanyika kuwa mbili. Chini ya kila pointi kulikuwa na sumaku na kidude chenye namba yake. Ukibonyeza kitufe kwenye kisanduku cha kuongozea, namba inasafiri ndani ya zile reli zilezile zinazobeba stima, vidude vyote vinaisikia, lakini kinachogeuka ni chenye namba hiyo peke yake. Tak. Kitufe cha kijani, treni inaenda moja kwa moja. Chekundu, inaingia pembeni. Taa ndogo inawaka kukuonyesha umebonyeza nini.

"Lakini usiamini taa," aliniambia. "Kisanduku kinajua kimesema nini. Hakijui kama kimesikika."

Pointi zilikuwa mbili, na kila moja ilipeleka treni kwenye stesheni yake. Ulikuwa wakati wa kampeni, basi namba moja akaiita Kula, akaweka hapo kifuniko cha chupa kiwe sahani. Namba mbili akaiita Kura, akaweka kiberiti kitupu kiwe sanduku la kupigia.

"Wakubwa wanapitia Kura wakienda Kula," alisema. "Sisi tunabaki kwa laini."

Nilicheka peke yangu nilipofika chumbani. Mbele yake niliona haya.

Halafu akaanza kukonda. Hakuna mtu nyumbani aliyetaja ni ugonjwa gani, na wageni walipouliza, mama alisema ni kifua. Kitanda chake kikaletwa sebuleni karibu na ubao. Akiwa amelala hivyo, aliona paa za mabehewa tu. Mengine aliyasikia. Yeye akawa anasema, mimi nabonyeza.

Siku moja treni ya mizigo ilikuwa imesimama Kula, na ile nyekundu ya abiria inazunguka. Akasema neno, nikasikia Kula. Nikabonyeza. Ile nyekundu ikaingia pembeni, ikaigonga ya mizigo mgongoni, ikaanguka hadi kwenye simiti. Nilisimama hapo nikingoja kugombezwa.

"Imeanguka?"

"Ndiyo."

"Nilisema Kura."

"Nilisikia Kula."

Kitanda kikaanza kutikisika, na nilidhani ni kikohozi. Kumbe anacheka. "Huu mdomo wa kwetu, Kukhu. Ujerumani yote imeshindwa kuutoa. Ukikosa kuelewa, uliza."

Mimi si mtu wa kuuliza. Darasani heri ninakili makosa kuliko kuinua mkono, darasa zima linigeukie. Lakini kuanzia siku hiyo niliuliza: "Ya sahani ama ya sanduku?" Naye anajibu, sahani, au sanduku. Lilikuwa swali la pekee nililoweza kuuliza bila uso kuwaka moto.

Mama alikuwa na vita vyake vingine. Baba mdogo aliacha kula. Kwanza alikataa obusuma, yaani ugali, halafu uji, halafu hata chai aliilowesha midomo tu. Mama alisimama juu yake na kijiko, akimbembeleza na kumtisha. "Ukikufa na njaa nyumbani kwangu, watu wa kwenu Malava watasema nini? Watasema nilikuwa nakunyimanga." Akachinja kuku aliyekuwa akitaga, akachemsha mchuzi, akaweka tayari jikoni. Ulikaa. Sauti ya baba mdogo nayo ilikuwa imebaki pumzi tu.

Alasiri ile mama alikuwa ameketi karibu na kitanda akichambua mrenda. Mimi nilikuwa kwenye ubao. Baba mdogo akafungua mdomo, akasema lile neno.

Mama aliruka, mboga zikamwagika. "Umesikia? Amesema kula. Anataka kula." Sijawahi kuona uso wake vile. Akakimbia jikoni kupasha mchuzi.

Niliinama. "Ya sahani ama ya sanduku?"

Macho yake yalikuwa kwenye ubao. Nami nikatazama. Treni ya mizigo ilikuwa Kula, mahali pake pa siku zote. Ile nyekundu ilikuwa ikizunguka. Palipokuwa wazi ni Kura tu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Nikabonyeza chekundu cha namba mbili. Tak. Ile nyekundu ikaingia polepole, ikasimama mbele ya kiberiti. Akafumba macho.

Mama akarudi na bakuli. Akamwinua kichwa, akamtilia kijiko. Mchuzi ukashuka kwenye kidevu hadi kwenye mto wa kulalia. "Polepole," alisema mama. "Hata kidogo ni kitu." Kijiko cha pili hakikuingia. Baba mdogo hakusema neno lingine tena, si kwa mama wala kwangu.

Matangani kule Malava, mama alilisimulia kila kundi la wanawake waliofika. "Mwishowe aliomba kula. Kwa mdomo wake mwenyewe. Na nikampa." Wakamwambia alifanya vizuri, na mabega yake yakashuka kidogo.

Nilikuwa nikipitisha vikombe. Shangazi mmoja akanishika mkono.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ni kweli aliomba kula?"

Wote wakanigeukia. Mama pia, birika mkononi. Uso ukaniwaka.

"Alisema kula," nikasema. Kwa mdomo wa kwetu, alisema.

Mama akaendelea kumimina chai.