Wageni wa Mlinzi wa Bustani

Mwaka ule wa korona mama yangu alikuwa ametoka kufunguliwa hogo, ile plasta ngumu ya mguuni. Aliteleza akitoka kisimani, mguu ukavunjika chini ya goti. Daktari alipomfungua alisema maneno machache tu: atembee kila siku, mahali tambarare, la sivyo mguu utakauka hivyo hivyo na jembe atalisikia kwa wenzake. Mama ana shamba kijijini Bukiriro. Kumwambia hatalima tena ni kama kumwambia achague sanda.

Sasa tambarare mtaani kwetu utaitoa wapi? Tunakaa mteremkoni, upande wa chini wa mji wa Ngara. Kiazi kikikuponyoka mlangoni, unakwenda kukiomba kwa jirani wa tatu. Nyumba zimebanana, jiko la huyu linatazamana na choo cha yule, halafu redio inatuhimiza tukae mbalimbali. Jamani, tulicheka. Kwetu ukikohoa usiku jirani anakupa pole bila kutoka kitandani. Uwanja wa shule ulikuwa umefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Ilibaki bustani ya umma kule juu, karibu na nyumba za wakubwa, yenye nyasi fupi, mabenchi na njia iliyonyooka.

Tukapanda, mama kwa bodaboda, mimi kwa miguu nikihema. Getini palikuwa na ndoo ya maji, sabuni, na mlinzi, mtu wa makamo. Tukanawa. Mlinzi akaitazama miguu yetu yenye udongo mwekundu, akasema kwa upole kwamba kwa sasa, ili kupunguza msongamano, bustani ni ya wakazi wa huku juu. Ndani nilimwona mbwa, watoto wawili wenye baiskeli, na mwanamke wa raba nyeupe akizunguka peke yake. Msongamano gani huo? Watu wana majani uani kwao, wanatoka kwenda kukalia majani mengine. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe mlinzi vidonge vyake, mama akanivuta nguo.

Njiani akasema, "Kosa ni letu. Tumekwenda mikono mitupu."

Nikamweleza kwamba ile ni mali ya umma, haina mwenyewe.

"Pasipo na mwenyewe hapana geti," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Kesho yake alipanga kikapu: ndizi mbivu, viazi vitamu, maharage mabichi, juu kitambaa cheupe, utadhani tunakwenda kumwona mzazi. Nilikibeba huku nikiomba ardhi inimeze. Mlinzi alipotuona tena akakunja uso, lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sikuja bustanini. Nimekuja kukutembelea wewe."

Akamgeuzia Kihangaza, lugha ya kwetu, naye akaitikia. Kumbe mlinzi ni mtu wa Nyakisasa, wilaya hii hii yetu. Akamuuliza watoto, akamuuliza mvua ya kwao, akamuuliza kama mama mzazi bado yupo, akaweka kikapu miguuni pake na kungoja. Kwetu mgeni aliyekuja na kikapu haachwi mlangoni. Ukimwacha, habari itafika kijijini kwenu kabla yako. Nilimwona yule baba akitazama kikapu, akitazama geti, jasho likimtoka juu ya barakoa, nami nikageukia ukuta kuficha kicheko. Akafungua. Akamletea hadi kigoda chake.

"Nitakaa nikichoka," mama akasema, akaanza kutembea, fimbo mkono huu, bega langu mkono ule. Alitoa machozi kwa maumivu hadi mwisho wa njia, akageuka, akarudi nayo.

Tulipoaga, mlinzi akatusindikiza. Ndiyo, mgeni husindikizwa, hata na mwenye geti. Akatufikisha kwenye kona, na pale konani mama akakumbuka maneno mengi aliyosahau kusema. Mlinzi aliporudi alikuta majirani zetu wamejaa nyasini. Walikuwa wametufuata kwa mbali waone mwisho wetu, wakakuta geti liko wazi halina mtu.

Kuanzia hapo nasi tukawa watu wa bustani. Huyu anakuja na boga, yule na karanga za kiganjani, bibi mmoja na yai moja alilolifunga kwenye pindo la kanga. "Tumekuja kukutembelea." Maskini ya Mungu, angemkataa nani na wa kwanza ameshampokea? Tulinawa mpaka vidole vikakunjamana. Na pale juu ndipo kwa mara ya kwanza tulikaa mbalimbali kama redio ilivyotaka, kila mtu na kipande chake cha nyasi. Mama akawa anashika bega langu kwa mazoea tu, halafu akaliacha. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nacheka hata nikisalimiwa.

Mzaha ukatumbua usaha. Jioni moja msimamizi wa bustani alifika na gari, akasimama katikati ya watu wetu.

"Hawa ni nani?"

"Wageni wangu," mlinzi akasema.

"Wote?"

"Wote, mzee."

Nilijua kinachofuata. Msimamizi akatangaza kwamba kuanzia kesho watu wa kule chini wasionekane humo, na mlinzi akiwafungulia atafute kazi nyingine. Kicheko kiliniisha. Mama alikuwa bado hajawahi kutembea bila fimbo, na kesho ilikuwa imeshafungwa.

Mama akanipa fimbo. Akaenda mwenyewe, polepole, mguu ukiburuta kidogo, hadi mwisho wa njia. Hata yule wa raba nyeupe alisimama kumtazama. Akageuka, akarudi, akasimama mbele ya msimamizi akihema.

"Mimi kesho siji, mwanangu. Nimepona," akasema. "Ila hawa wenzangu bado."

Msimamizi akawatazama: bibi kwenye benchi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, watoto wakigaagaa kwenye nyasi, wazima wote.

"Kwani wanaumwa nini?"

"Wanakaa kule kwetu," mama akasema.

Msimamizi akaangalia mteremkoni, akaingia garini akaondoka, bila kurudia amri yake. Mlinzi hakufunga geti, wala hakumwambia mtu atoke. Nilipogeuka kumtafuta mama, alikuwa ameshatangulia kuteremka peke yake, na hakunisubiri.