Kiti cha Bibi Zaituni

Msiro ukisuguliwa kwenye jiwe lenye maji hutoa harufu ya mti mbichi, na kwangu hiyo ndiyo harufu ya asubuhi za Olumbi, kijiji chetu cha pwani. Bibi Zaituni, mama wa mama yangu, alikisugua kijiti chake mpaka ukapatikana uji mweupe, akajipaka uso mzima, kisha akashika fimbo ya kuchokolea pweza na kutoka na wenzake maji yalipoanza kupwa. Alisema ni kwa ajili ya jua. Mimi nilijua anapenda kupendeza, na sikuona ubaya wowote.

Mwaka aliofariki babu, bibi alikaa eda na jiwe likakauka. Eda ilipokwisha, mjomba, mwanawe wa kwanza, akamletea kiti kutoka mjini Palma, kiti kizuri cha mbao chenye mto, akakiweka barazani. Mama apumzike sasa, akatangaza, kazi ya pwani basi. Mtaa mzima ulimsifu. Wanawake wenzake nao, kwa heshima, wakaacha kumwita. Walipita kimya wasije wakaonekana wanamtesa mama wa watu. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Mimi ndiye niliyempelekea maji na uji, kwa hiyo niliyaona ambayo wakubwa hawakuyaona. Bibi aliacha kula, akaacha kusimulia. Siku moja aliniita kwa jina la mama yangu, akarudia tena, nami nikaenda kulia nyuma ya jiko. Niliona bibi yangu anazimika taratibu, na kila anayempenda anamwambia akae vizuri zaidi.

Aliyetuokoa ni somo yake, Bi Zaituni mwenziwe, aliyechangia naye jina na utani tangu usichana. Asubuhi moja ya bamvua, maji yakiwa yametoka mbali, aliingia uani bila hodi, akalichukua lile jiwe, akaanza kusugua.

"Somo, umejiweka hapo barazani unangoja posa?"

Bibi akacheka. Kicheko kile bado nakisikia. Somo akampaka msiro kwa mikono yake mwenyewe, shavu hili, shavu lile, huku akimtania kwamba pweza wamenenepa kwa kukosa mtu wa kuwatisha.

Mjomba akatoka ndani. "Mama, watu watasema nimeshindwa kukutunza."

"Umenipa kiti, mwanangu, Mungu akujalie," bibi akajibu, ameshasimama. "Lakini nani kakwambia nimechoka?"

Akaondoka. Nilimfuata na kikapu, nikitembea kifua mbele kama niliyeshinda kesi. Alirudi na pweza mmoja tu, tena mdogo, akampikia mjomba kwa nazi, na mjomba akala bila kuinua macho. Hazikupita siku nyingi bibi akaanza tena kuniita kwa jina langu, na kunigombeza kwalo.

Leo nafundisha saikolojia chuo kikuu, na utafiti wangu ni juu ya uzee: jinsi wanawake na wanaume wanavyozeeka, na kinachowafanya waone kuwa maisha bado ni yao. Wanafunzi wangu huandaa maswali ya magonjwa, ya dawa, ya nani anawalisha wazee. Nawaambia wayaweke, ila waanze na langu: asubuhi, nani anakuita? Wanawake wa pwani hujibu kwa majina, hata waliokimbia vita vilivyofika kwetu kisha wakarudi. Wanaume wengi hunyamaza kwanza, maana kazi ilipokwisha, wenzao nao wakapotea. "Profesora, swali hili umelitoa kitabu gani?" mwanafunzi mmoja aliniuliza. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimelitoa barazani kwetu.

Mwaka huu nilikwenda Olumbi kumhoji mjomba, naye sasa ni mzee wa mvi tupu. Nilidhani nitamkuta kwenye kile kiti, ambacho bado kipo, mguu mmoja umeungwa. Nilimkuta amesimama mlangoni, ameshika sindano ya kushonea nyavu, na wazee wenzake wanamwita kwa makelele kutoka njiani. Akanisogezea kiti.

"Keti wewe, mwalimu, umetoka mbali. Mimi nani kakwambia nimechoka?"

Nikaketi nikimtazama anavyokwenda, na sijawahi kujivunia ukoo wangu kama asubuhi ile.