Ile Aiskrimu Nyekundu Imeniharibia Nyumba

Admin, nifiche kabisa, maana bwanangu pia huingia hapa kusoma. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi Kabiria, nauza vitambaa kwa duka la Mhindi hapa town. Niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke akaachiwa katoto ka kike. Nitamwita Shiru. Nilimkuta hajui hata kufunga kiatu, sasa ana miaka saba, na mum anayemjua ni mimi. Sijabahatika kupata wangu, kwa hivyo mkisoma mjue naongea kuhusu mtoto wangu wa pekee.

Mambo yalianza na aiskrimu. Mke wa mdosi wangu, yule mwenye duka, anayeishi Loresho, alinionyesha vile huwatengenezea watoto wake aiskrimu iliyojaa peremende. Si kazi ngumu. Unanunua ile ya kawaida ya supermarket, unaiacha ilegee kidogo, unafunga biskuti na tofi kwa karatasi ya nailoni unaziponda na chupa ya soda, unachanganya na chokoleti, unarudisha kwa freezer. Lakini alinionya: peremende nyekundu ziwekwe mwisho, wakati wa kupakua, kwa sababu hutoa rangi. Sasa siku ya birthday ya Shiru nilikuwa mbioni kwenda kanisa, nikazimwaga zote pamoja. Tulipofungua mchana, aiskrimu yote ilikuwa nyekundu kama beetroot. Shiru alifurahi, aki! Akala, akaongeza, akaongeza tena, mpaka nikamnyang'anya bakuli.

Mama mkwe wangu, tunamwita Shosho, alikuwa ametoka ushago, kule kijijini, kwa hiyo birthday. Yeye ndiye alikuwa amempakata Shiru wakati mtoto alitapika. Woi, yule mama alipiga nduru mpaka majirani wakaja mlangoni. "Damu! Mtoto anatapika damu!" Tulikimbia kliniki hata bila viatu vya maana. Daktari alimpima, akacheka. "Hii ni rangi ya peremende tu. Mtoto amekula kupita kiasi." Na mimi nikacheka kwa vile moyo ulikuwa umerudi mahali pake. Shosho hakucheka. Tukirudi nyumbani akaniuliza polepole, "Hivi kwenu ni Kitui, si ndio?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."

Nyinyi mnajua vile watu huongea kuhusu sisi Wakamba na kamuti, eti kila mtu wetu ana uchawi mfukoni. Pengine mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, nilidhani anapiga stori.

Baada ya hapo bwanangu alibadilika. Mara arudi ameshiba. Mara nimpakulie, aanze kukoroga chakula, "ngoja kipoe," na hakiingii mdomoni mpaka mimi nimeze changu. Siku moja niliingia jikoni kuchukua chumvi, kurudi napata sahani yake, ile imevunjika ukingo, iko mbele yangu, na yangu iko kwake. Nikamuuliza, "Baba Shiru, mbona umebadilisha?" Akasema, "Kwani kuna tofauti?" Nikajiambia, huyu ana mwanamke huko Kilimani anakofanya kazi, na huyo mwanamke anapika kuliko mimi. Nilinusa mashati. Nikapekua simu akioga. Hakuna kitu, ni Shosho tu akipiga asubuhi na jioni. Halafu nikasikia eti Shosho anataka Shiru ahamie shule ya ushago, "abadilishe hewa." Bwanangu akasema, "Wacha kwanza tuone." Tuone nini?

Jumapili iliyopita nikatengeneza aiskrimu tena, na safari hii nilifuata maagizo yote, ikatoka nyeupe safi. Nikampakulia Shiru. Akachota kijiko, lakini badala ya kula akakileta kwa mdomo wangu. "Mum, onja kwanza."

Nikacheka. "Kwani mimi ndiye mgeni?"

"Hapana. Dad alisema ni adabu. Mum akikupatia chakula, unangoja yeye aonje."

Nikamwangalia bwanangu. Alichukua rimoti akaongeza sauti ya TV.

Jameni, kwetu hiyo kuonja naijua. Ukimkaribisha mtu usiyemjua, unapiga funda moja mbele yake ndio umtoe wasiwasi wa sumu. Lakini hiyo ni ya wageni! Tangu lini mama akaonjeshwa na mtoto aliyemuogesha? Nilifungua mdomo nikaonja, ningefanya nini? Shiru akaniangalia koo mpaka nikameza, kisha akala.

Nilimfuata bwanangu nje nikamuuliza wazi, "Unafikiri naweza kumuua huyu mtoto?" Akasema, "Mimi sijasema hivyo. Ni Mathe wangu ndiye ana wasiwasi. Mimi nataka amani tu." Amani gani, nkt! Amani ya kumfundisha mtoto kunishuku halafu umwambie ni adabu? Nililia nikashindwa hata kumtusi.

Sasa shule zinafungwa na Shiru ameniomba tena aiskrimu, ile nyekundu, anasema ndiyo tamu. Nikikataa, Shosho atasema nimeshtuka kwa vile nimegunduliwa, na mtoto ataenda ushago. Nikitengeneza, nitaonja mbele yake kama mshukiwa, na kila kijiko kitamfundisha kuniogopa zaidi. Naandika haya nikiwa cyber, lunch hour inaisha, na hapa kando yangu kuna watu kwa hivyo nimejikaza nisilie.

Nyinyi mnaolea watoto ambao hamkuzaa, niambieni ukweli hata kama ni mchungu. Nitengeneze ama niache? Na Shiru akisema "Mum, onja kwanza," nifungue mdomo?