Chupa ya Kasimiri

Imakulata hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililowakera wakubwa. Alisema jambo mara moja, polepole, kama anayeomba chumvi kwa jirani, kisha akasimama papo hapo mpaka lifanyike. Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja katika hospitali moja pale Tabora, mimi nesi, yeye maabara. Wengi walimwita jeuri. Hata mimi nilimwita hivyo, kabla sijapata akili.

Aliingia pale mwaka wa uhuru, kazi yake kuosha vioo. Fundi Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, hadubini ikabaki haina mtu, na ikaonekana kuwa mwosha vioo amekuwa akitazama kila kitu huku akipangusa. Baadaye walimpeleka kozi. Alirudi na cheti cha kazi aliyokuwa akiifanya tayari.

Bintiye, Apolinaria, alikuwa na sikoseli. Mtoto hurithi jeni mbovu kwa baba na nyingine kwa mama, basi ile protini inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu za damu hujengwa vibaya, chembe hujikunja na kukwama mishipani. Mtoto hulia mifupa. Huko kwetu tulizika watoto wa namna hiyo wengi sana bila kuujua ugonjwa kwa jina.

Mwaka sabini na tatu Apolinaria alikuwa na miaka minane, na mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwao alishamkataa mara mbili. Nafasi za darasa la kwanza ni chache, alisema, hawezi kumpa dawati mtoto ambaye hatafika darasa la saba. Alisema hivyo mtoto amesimama mbele yake, anasikia. Nilimchukia mwalimu yule, na mpaka leo sijamaliza.

Toka siku hiyo Imakulata alitaka kitu kimoja: mtu mzima mwenye sikoseli. Mmoja tu, anayetembea kwa miguu yake, amwonyeshe mwalimu.

Ndipo akaja daktari Kornel kutoka Dar es Salaam na utafiti wake. Alitueleza kwamba mtoto akiwa tumboni, jeni nyingine kabisa ndiyo inayotengeneza protini ya damu yake. Akishazaliwa, jeni hiyo hufungwa na ile ya ukubwani hufunguliwa. Lakini kwa watu wachache haifungwi sawasawa, nayo damu ya kichanga, ambayo haijikunji, huendelea kidogo kidogo maisha yao yote. Kornel alitaka kuwatafuta watu hao katika vijiji vya kando ya reli. Alipeleka chupa ishirini kwenye zahanati ya Igalula, kila moja na jina la mwanakijiji.

Imakulata hakuviamini vizibo vya serikali. Alipeleka na donge la nta ya nyuki, akaagiza kila kizibo kifunikwe nta. Chupa ziliporudi kwa treni alizikagua moja moja, kisha akapitisha kila damu kwenye karatasi yenye umeme. Damu nzima huacha mstari wake pale, na ya sikoseli wake. Chupa ya Kasimiri, mwanamume, miaka thelathini na minane, mrina asali, haikuwa na mstari wa damu nzima hata kidogo. Akarudia mara tatu.

"Umechanganya chupa, mama," Kornel akasema. "Mtu mzima asiyeugua? Hii ni damu ya mtoto wa wodini." Akachukua kalamu akalikata jina la Kasimiri.

"Nta haijaguswa, daktari."

"Nta siyo kipimo."

"Basi twende tukamwone Kasimiri."

"Nenda wewe, kama una hamu ya asali."

Alidhani ametania. Asubuhi yake Imakulata alikuwa stesheni, na mimi pembeni yake na sindano zangu, nimeomba ruhusa kwa msiba wa uongo, Mungu anisamehe.

Mabruki, balozi wa nyumba kumi, alitupokea kwa heshima zote, akamwita Kasimiri. Akatoka mwanamume wa miraba minne, ana afya ya kutia wivu.

"Mimi?" akasema. "Siku ile nilikuwa porini kwenye mizinga. Sijachomwa sindano na mtu."

Nikamwangalia Imakulata. Mabruki yeye alitushangaa sisi.

"Chupa si ilitakiwa ijae?" akauliza. "Hapa kijiji cha ujamaa. Mtu akikosekana zamu yake ya shamba, mwenzake anamlimia. Na damu tulifanya vivyo hivyo. Kwani kosa liko wapi?"

Mimi kicheko kilinishinda. Imakulata hakucheka. "Baba balozi, nani aliyejaza ya Kasimiri?"

"Mwanajuma. Huyo hakosi zamu."

Mwanajuma akaitwa kutoka shamba la kijiji, akaja na jembe begani. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, amezaa sita. Kwenye weupe wa macho alikuwa na umanjano kidogo sana, na Imakulata aliuona kabla yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mifupa haikusumbui?"

"Wakati wa baridi inauma. Toka utotoni. Waliniambia sitafika hata kuolewa." Akashusha jembe. "Waume wawili nimewazika, mwanangu. Wenye mifupa mizuri wote."

Nilitoa damu mimi, na jina aliliandika Imakulata mwenyewe.

Tuliporudi hakumpa Kornel nafasi hata ya kuketi. "Ulisema kweli, jina halikuwa lake," akamwambia. "Damu ndiyo ile ile. Simama hapa uone." Karatasi ikatoa jibu lile lile. Kisha akachanganya damu ya Mwanajuma na maji makali ya jamii ya magadi. Damu ya ukubwani ikitiwa humo hugeuka kahawia, ya kichanga hubaki nyekundu. Ya Mwanajuma, robo yake nzima ilibaki nyekundu. Kornel akavua miwani.

"Nisamehe, mama," akasema, akaandika jina la Mwanajuma kwenye orodha kwa mkono wake. Hapo nilimpenda kidogo.

Lakini Imakulata alikuwa na chupa nyingine mfukoni. Hakuuliza mtu. Akatia ile dawa, tukangoja wote watatu, na ile damu ikageuka kahawia, kahawia, mpaka wekundu ukawa wa kutafutwa dirishani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani.

"Kwa mwanao jeni ile imefungwa," Kornel akasema taratibu.

"Nani anaifunga?"

"Kuna kitu ndani ya chembe kinachoiamuru. Hatukijui bado."

"Inafungulika?"

"Hakuna ajuaye."

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

Imakulata akachukua vile vioo akaanza kuviosha. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kwikwi kama mfiwa. Yeye aliosha vyote, akavipanga, akavua koti.

Jumatatu tulimpeleka Apolinaria shuleni. Mwalimu mkuu alipotuona alikunja uso. "Umeleta barua ya daktari kwamba atapona?"

Angeweza kumtajia Mwanajuma akaishia hapo. Mwalimu angeamini, na hata uongo usingekuwa. Ndivyo nilivyotarajia, na ndivyo ambavyo ningefanya mimi.

"Hapana," Imakulata akasema. "Hatapona."

"Sasa unataka nini?"

"Akifa tutamzika sisi, mwalimu, wewe hatukuombi hata jembe. Leo yu hai. Mwandike."

Mwalimu akatuambia kuna watu nyuma yetu wanangoja. Imakulata akasema anawaona, akabaki amesimama. Wale watu nao, sijui kwa nini, hawakusukuma. Mwisho mwalimu akavuta daftari kwa hasira, akaandika jina, akauliza bila kuinua kichwa, "Miaka?"

Mama yake alifungua mdomo.

"Minane," akasema Apolinaria. "Na darasa la saba nitakuwa na kumi na minne. Nimeshahesabu."