Deodata Alihesabu Tangu Moto Uzimike

Saa moja asubuhi, Rulenge bado ina umande. Deodata Novatus, mwenye miaka arobaini na mbili, anafukua shimo nyuma ya jiko lake. Anaondoa udongo, anafunua majani ya mgomba, na harufu ya ndizi mbivu inapanda hadi barabarani.

"Siku nne zimetimia," anasema, akiminya ndizi moja kwa kidole gumba.

Ngeleja, mteja wa kila siku wa pombe yake, amekwisha fika na kikombe chake.

"Shemeji, ndizi unaziivisha kwa siku nne. Mtoto je, siku ngapi?"

"Wewe kapalilie kwako kwanza, magugu yamekupita kimo!"

Wanacheka. Zamani, anasema, neno kama hilo lingemliza hadi jioni.

Kupika pombe ya ndizi ni kazi aliyoachiwa na mama yake. Anazikumbuka jioni zile, mama akichochea moto kando ya shimo ili joto liziingie ndizi, huku akiwategea watoto vitendawili.

"Alikuwa akisema, 'Nyumba yangu haina mlango.' Nasi tunapiga kelele, 'Yai!' Basi mwaka jana daktari aliponiambia mayai yangu yanahitaji kusaidiwa, nilicheka peke yangu. Nilimsikia mama kabisa."

Ameolewa na Danstan miaka kumi na saba sasa. Walipimwa wote wawili, katika hospitali iliyo mwendo wa saa mbili kwa basi. Danstan hakukutwa na shida. Deodata akapewa vidonge vya kukomaza mayai, ameze siku tano, kuanzia siku ya pili ya hedhi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yake alimfundisha kuwa shimo la ndizi huhesabiwa tangu moto uzimike. Siku za moto si siku. Naye akafanya vivyo hivyo: akasubiri damu ikatike, ndipo akaanza kuhesabu siku ya kwanza.

"Miezi mitatu nameza vidonge kwa kuchelewa! Daktari akaniuliza, 'Mama, siku ya kwanza kwako ni ipi?' Nikamweleza habari za shimo. Akavua miwani. Akasema, 'Mama yangu, siku ya kwanza ni ile moto unapowaka.' Nililia. Kwa umri wangu, miezi mitatu si kitu cha kutupa."

Sasa anahesabu sawasawa, na huu ni mwezi wa pili. Pombe haonji tena, daktari kamkataza. Muonjaji ni mama mkwe wake, Secilia, na kazi hiyo anaifanya kwa moyo wote.

"Shikamoo mama. Imekolea?"

"Marahaba mwanangu. Bado sijajua. Hebu ongeza."

Daktari hakumficha: umri umesogea, vidonge vinaweza visisaidie. Umebaki mwezi mmoja wa kujaribu. Safari ya Mwanza kwa wataalamu, anasema, hawaimudu.

Hata hivyo, chini shambani kuna mikungu sita ambayo hataki kumuuzia mtu.

"Ile ni ya siku ya kumtoa mtoto nje, majirani waje wamwone."

Na ikiiva kabla?

Deodata anajifuta udongo mikononi.

"Nitaikata, tutakunywa. Machipukizi yake nimeshayapalilia."